Positif ya Inamahoro

Uvira, masika ya 2025

Jumatatu, 20 Januari

Daftari hili limetoka kwa mradi. Daktari Placide anataka kila muuguzi aandike humu maoni yake ya ndani kuhusu kazi mpya, na ameahidi kwamba hakuna atakayelisoma. Sijui mtu anagawa daftari la nini kama hana nia ya kulisoma. Haya, maoni yangu ya ndani ni haya: mvua imeingia chumba cha mapokezi, kabati la dawa limelowa chini, na goti langu la kushoto linauma tangu asubuhi.

Kazi yenyewe ni hii. Mwanamke akija na uvimbe kwenye ziwa, daktari anamchoma sindano nene, anatoa kinyama kidogo, kinatiwa ndani ya kichupa cha formoli, dawa ya kukihifadhi, na kuvushwa mpaka hadi labo ya Bujumbura. Huko wanatafuta alama. Daktari alituchorea nyumba ubaoni. Uvimbe mwingine una milango, homoni za mwili zinapita humo na kuulisha. Mwingine hauna. Ukiwa na milango, kipo kidonge cha kuiziba. Usipokuwa nayo, kidonge hicho ni kazi bure na inabidi kutafuta dawa nyingine. Hapo nimeelewa, na niseme kweli, nimependa. Miaka ishirini na sita nimeona maziwa ya wanawake yakioza huku sisi tunabadilisha bandeji tu.

Sehemu ya pili ndiyo imenichekesha. Inaitwa uamuzi wa pamoja. Tunamkalisha mgonjwa, tunampangia kadi za picha mezani, tunamweleza kila njia pamoja na ubaya wake, kisha tunamwuliza yeye anataka nini. Mwishoni kuna fishi, yaani fomu, ya kutia alama: mgonjwa ameshiriki katika uamuzi, ndiyo au hapana. Nikamwuliza daktari mbele ya wote:

"Docteur, mugonjwa anakuya kutibiwa ao anakuya kupiga kura?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mama Pétronille," akasema, "weye njo utafanya hiyo kazi, juu weye unajua Kiswahili, Kifuliiru na Kirundi."

Ndivyo mdomo wangu unavyoniletea kazi.

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Malaria watatu, kuhara mmoja. Wa ziwa hakuna.

Jumatatu, 27 Januari

Redio inasema Goma imeanguka. Kila mtu kituoni ana simu sikioni, na mimi nimepata mgonjwa wangu wa kwanza wa mradi.

Anaitwa Inamahoro, analima mpunga Sange, ana miaka arobaini na sita na watoto watano. Ni Mrundi wa bondeni, Kiswahili chake kizuri kuliko Kirundi changu. Mume wake, Ngendakumana, alibaki nje chini ya ukuta, kofia mapajani. Uvimbe uko ziwa la kulia, unakaribia ukubwa wa limao dogo. Daktari alitoa kinyama bila shida. Aliyenitoa jasho ni mama mwenyewe kwa maswali. Kinyama kitafika wapi? Nani atakishika? Wakimaliza watakitupa wapi? Nilikuwa na watu kumi na wawili wanasubiri kwenye benchi. Nikawa namjibu huku nafunga vichupa.

Mwishoni alinishika mkono wa koti.

"Mama, kama iko mubaya, utaambia nani kwanza? Minye, ao bwana yangu?"

"Weye."

"Kweli?"

"Mama, nimesema weye."

Hana simu. Aliandikisha namba ya mume. Niliiandika bila kufikiri lolote.

Ijumaa, 7 Februari

Nimefanya mazoezi ya kadi na Evariste wa labo yetu. Nilimwambia ajifanye mama mwenye uvimbe. Alikataa upasuaji, akakataa vidonge, akakataa kukaa bila dawa, kisha akauliza kama kuna kadi ya soda. Nilimtoa chumbani.

Ijumaa, 14 Februari

Watu wanateremka kutoka Bukavu. Wengine kwa malori, wengine kwa miguu, magodoro kichwani. Hatukula mchana.

Jumapili, 16 Februari

Bukavu imeanguka nayo. Mathieu, mume wangu, amefunga mabegi mawili, anataka tuvuke mpaka wa Gatumba tuingie Burundi. Nimemwambia siachi kituo. Ukweli ni kwamba siachi nyumba yetu ya Songo, ila neno kituo lina heshima zaidi.

Jumatano, 19 Februari

Nitaandika siku hii polepole, kwa sababu yenyewe ilikwenda mbio.

Tangu asubuhi risasi zililia upande wa bandari. Askari waliokimbia Bukavu walikuwa wanaingia mjini bila mkubwa wao, na kila duka lilifungwa. Tulibaki watatu kituoni: mimi, Evariste na mlinzi. Daktari alishavuka jana yake. Saa nne mtandao ulirudi kidogo, na simu yangu ikapokea picha nne kutoka kwake. Majibu ya labo. Akaandika: waarifu wagonjwa, wape vidonge vya kutosha miezi mitatu, pengine tutafunga.

Wawili walikuwa wa Kilibula, niliwatumia jirani zao wawaarifu. Mmoja jibu lake halikusomeka. Wa nne alikuwa Inamahoro. Vipokezi vya homoni: positif. Nilifurahi! Nakumbuka nilifurahi kabisa, katikati ya risasi. Uvimbe una milango, na kidonge cha kuiziba kilikuwa kwenye boksi miguuni pangu. Nikapiga.

Alipokea mwanaume. Nyuma yake palikuwa na kelele za kituo cha magari.

"Mama Inamahoro iko? Ni infirmière wa Uvira."

"Iko hapa. Sema."

"Mupatie simu."

Kisha nikasikia sauti ya Inamahoro: "Niko nasikia, Mama."

Mlio mkubwa ulipita juu ya bati letu, Evariste akalala chini. Nikapaza sauti ili anisikie.

"Résultat yako imetoka! Iko positif! Usiogope, dawa iko. Utakunywa kinini moja kila siku, miaka tano, usiruke hata siku moja. Kuya uchukue, ao utume muntu!"

"Positif?"

"Ee, positif. Ni muzuri, Mama!"

Ikakatika. Nikasema ni mtandao. Kadi zilikuwa ndani ya droo, na droo sikuifungua. Nikachukua fishi yake, nikaandika amearifiwa, amechagua vidonge. Palipoandikwa mgonjwa ameshiriki katika uamuzi, nikatia alama kwenye ndiyo. Boksi la dawa nikalifukia kwenye ndoo ya unga, nikaibeba kichwani hadi nyumbani.

Jumamosi, 22 Februari

Waliingia kituoni wenye silaha, sijui wa nani. Wamebeba sola, magodoro na hadubini ya Evariste. Ameilia kama ndugu.

Jumamosi, 1 Machi

Tumefungua mlango mmoja. Inamahoro hajakuja.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya Majivu, Kwaresima imeanza. Mvua tangu alfajiri. Hajakuja.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amepiga kutoka Bujumbura, anapitia orodha.

"Na wa Sange? Ulimueleza na kadi?"

"Nilimueleza, Docteur."

"Alichagua nini?"

"Kinini."

"Alishakuya kuchukua?"

"Bado. Unajua bantu ya kule. Unabembeleza muntu apone, yee iko anaangalia mpunga yake."

Nilisema hivyo, na wakati ule niliamini. Nimekasirika naye kweli. Vidonge vya watu vinakaa ndani ya unga wangu na mwenyewe hana habari. Anauliza maswali hamsini kuhusu kinyama, kisha dawa ikipatikana hatokei.

Jumanne, 18 Machi

Leo amefika Damien, mhamasishaji wa afya wa Sange, kuchukua dawa za malaria. Nikamwuliza mbona yule Inamahoro wao ananichezea.

Damien aliniangalia. "Ule wa SIDA?"

"SIDA gani? Minye nasema Inamahoro wa Ngendakumana."

"Njo huyo. Bwana yake alimufukuza mwezi wa pili." Akashusha sauti, kijana mwenye adabu. "Mama, si ni weye ulimuambia? Bantu bote ya parking balisikia. Simu ya Ngendakumana iliharibika ndani, anasemaka ku haut-parleur tu. Positif, kinini kila siku, usiruke hata siku moja."

Nilikaa juu ya katoni. Damien aliendelea kuzungumza, sikumsikia. Nilikuwa najisikia mimi mwenyewe, sauti yangu ile ya kupaza, ikitoka ndani ya simu ya mtu katikati ya abiria na wauza mihogo. Kila mtu wa bonde hili anajua positif ni nini: una virusi vya UKIMWI. Tuliwafundisha sisi. Mimi binafsi nilisimama sokoni Sange mwaka fulani na mabango, nikawaambia: ukiwa positif, dawa ipo, kidonge kimoja kila siku, usiruke hata siku moja. Maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nikamalizia na kumwambia ni vizuri.

Damien akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia goti.

Alhamisi, 20 Machi

Sikuandika jana. Nililala kitandani mchana kutwa, nikamwambia Mathieu ni malaria. Alinipikia uji. Ningependa anigombeze, lakini mtu hawezi kukugombeza kwa jambo ambalo hujamwambia.

Ninachokirudia ni ahadi. Aliniuliza nani kwanza, nikasema wewe. Hakuomba lingine. Na namba ya mume niliiandika kwa mkono wangu huu.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda Sange. Vizuizi vitatu njiani. Kwenye kila kimoja nilisema mimi ni muuguzi, kwenye kila kimoja wakaniomba paracetamol.

Ngendakumana nilimkuta shambani, maji ya mpunga yamefika magotini. Hakutoka majini. Nilimweleza nikiwa juu ya tuta: uvimbe, milango, homoni, kidonge. Nilimwambia neno positif kwenye karatasi ile halina uhusiano wowote na SIDA. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Minye niliendaka kupima," akasema. "Siku ya pili ya ile simu. Banasema niko négatif. Basi nikajiuliza, kama minye sina, yee aliitosha wapi, kwa nani?"

"Hana, Papa. Kosa ni ya kwangu."

"Hii unasema leo ni ya kweli, ao ile ya simu?"

"Hii ya leo."

"Ile ya simu pia ulisema na sauti ya muntu anajua."

Nilimwuliza mke wake yuko wapi. Alisema amesikia alivuka mto Ruzizi kwenda Burundi pamoja na waliokimbia, na kwamba mtoto wa mwisho bado anamlilia. Akarudi kung'oa magugu. Alikuwa anang'oa na mpunga.

Jumamosi, 29 Machi

Niandike na hili, maana daktari alisema maoni ya ndani. Nilipoambiwa amevuka, nilishusha pumzi. Ng'ambo ni nchi nyingine, ina kambi zake, ina wauguzi wake. Siku nane nzima nimekuwa nalala vizuri. Mathieu amesema nimeanza kunenepa tena.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kipindupindu wanne. Daraja la chini limefunikwa.

Jumatano, 9 Aprili

Alikuja mwanamke leo, akasimama mlangoni bila kuketi. "Minye ni Akimana, dada ya Inamahoro. Iko kwangu Kiliba. Ziwa inamuuma, na hataki kukuya hapa kwenu."

Kiliba. Nilipita hapo nikienda Sange, nikapita tena nikirudi. Hakuvuka mto wowote.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimebeba kadi, vidonge, na kipimo cha haraka cha SIDA kutoka kwa Evariste.

Inamahoro alikuwa uani anabambua maharage. Amekonda. Pembeni yake palikuwa na kikombe kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono, ili watoto wa Akimana wasikichanganye na vyao. Aliponiona hakusimama.

Nilipiga magoti kwenye tope. Goti likaniadhibu, nikaliacha liniadhibu. Nilisema yote, kwa Kirundi changu kibaya pale nilipoweza: karatasi ilisemaje, mimi nilisemaje, na ahadi niliyoivunja. Nilianza kulia. Yeye aliendelea na maharage hadi ungo ukaisha.

"Minye nilijiuliza niliitosha wapi," akasema. "Sikujuaka muntu mwingine zaidi ya Ngendakumana. Nikakumbuka sindano yako. Nikasema ni ule mama wa Uvira alinitia."

Sikuwahi kufikiria hilo. Hata kwenye kitanda, siku ile ya uji, halikunijia.

"Mama, ruhusu nikupime sasa hivi."

"Pima. Lakini leo utanionyesha minye kwanza."

Tulikaa dakika kumi na tano tukitazama kikaratasi, vichwa vyetu karibu kugusana. Mstari mmoja. Nikamwambia négatif.

"Hiyo négatif ni muzuri ao mubaya?"

"Muzuri."

"Na ile positif ya ziwa?"

"Nayo ni muzuri."

"Hamuna maneno ingine ku hospitali yenu?" Alicheka, Akimana naye akacheka, halafu Inamahoro akafunika uso kwa kitenge na mabega yakawa yanatikisika muda mrefu. "Kumbe miezi hii yote nilikuwa na magonjwa mbili," akasema kutoka ndani ya kitenge, "na moja ilitoka mu kinywa yako."

Nilimpima ziwa. Uvimbe umekua. Na kwapani kuna tezi ngumu ambayo Januari haikuwepo. Nilimwambia hilo pia, jinsi lilivyo.

Kisha nikapanga kadi juu ya mkeka. Ilichukua saa mbili. Nilimweleza upasuaji: atavuka hadi Bujumbura alipo daktari, ziwa litakatwa, na vidonge vitafuata. Nilimweleza kuanza na vidonge sasa na upasuaji baadaye: vinaweza kuupunguza uvimbe taratibu, vinaleta joto la ghafla mwilini, na damu ya mwezi inaweza kuvurugika. Nilimweleza kukaa bila dawa, na hapo sikulainisha neno. Alizigusa kadi moja moja. Maswali yake yalikuwa mengi kama Januari, na safari hii niliyahitaji.

"Weye ungechagua gani?"

"Ningevuka, nikatwe mapema."

"Minye sivuke sasa, watoto wangu wako Sange na vita iko karibu yao. Nitachukua hii ya kinini, nikatwe docteur akirudi." Nikaanza kufungua pakiti. Akaweka kiganja juu yake. "Bado. Nikimeza kila siku hapa, bantu watasema nini? Si njo watasema SIDA iko kweli, ona dawa yake? Ile neno ulitoshea ku haut-parleur. Uirudishe ku haut-parleur. Sange, kanisani, ku matangazo. Siku hiyo nitameza."

"Mama, siku zinapita."

"Ulizipitisha weye."

Nilimwachia pakiti. Fishi yake ya Februari nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nilikata ile ndiyo mbele yake, nikaandika hapana na jina langu. Hakuuliza ni nini. Nilimwambia mwenyewe.

Jumapili, 13 Aprili

Nimempigia daktari baada ya misa ya Matawi. Nimemwambia nilimdanganya, na kwa nini.

"Positif," akasema. "Na minye njo nilikutumia hiyo neno, bila kuandika kitu ingine." Akaniuliza kama mama amekubali mwenyewe siri yake itajwe kanisani. Nikasema ni yeye aliyedai. "Basi fanya vile amesema."

Nilitaka anikatalie. Nimeligundua hilo baada ya kuweka simu.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Kanisa la Sange limejaa waliokimbia vijiji vya juu, wamelala hadi altareni. Katekista Jean-Berchmans anasema nisubiri. Inamahoro hajameza.

Jumapili, 27 Aprili

Mto umekata barabara. Nilifika ukingoni na viatu mkononi, nikageuka. Hajameza.

Jumapili, 4 Mei

Risasi upande wa Luvungi, magari hayakwenda. Hajameza. Niliota namlazimisha, namshika pua kama mtoto. Niliamka nimechoka.

Jumapili, 11 Mei

Leo imefanyika.

Padri hakuweza kufika, Jean-Berchmans aliongoza ibada. Inamahoro alikuja na Akimana, akaketi benchi la wanawake, na benchi likabaki na nafasi kubwa kushoto na kulia kwake. Ngendakumana alikuwa upande wa wanaume, kofia mapajani, watoto watano wamejipanga kando yake. Wakati wa matangazo katekista alitaja mkutano wa kwaya, akataja mtoto aliyepotea karibu na soko, kisha akasema kuna mama wa Uvira ana neno. Akanipa mikro, kile kipaza sauti.

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi. Yalikuwa mazuri, yalieleza homoni. Niliyaacha mfukoni.

"Minye ni Pétronille, infirmière wa Uvira. Mwezi wa pili nilipiga simu hapa kwenu, na wengine munaikumbuka ile simu. Inamahoro hana SIDA. Hakuwa nayo, nimemupima, hana. Iko na uvimbe mu ziwa, na yee mwenyewe amenituma niseme. Karatasi ilisema positif, maana yake dawa ya uvimbe itamusaidia. Minye nikapaza neno moja mu haraka, sikueleza. Na nilimuahidi nitamuambia yee peke yake, nikamuambia parking yote. Hakukosea kitu. Muongo hapa ni minye."

Nikarudia kwa Kirundi. Baffle, spika ya kanisa, ilikwaruza, lakini kila mtu alisikia.

Bibi mmoja wa mbele akasimama. "Na ile kinini ya kila siku?"

"Ni ya ziwa, Bibi. Mukimuona anameza, ni ya ziwa."

"Na bantu walikulipa useme hivi?"

"Hapana."

Alinitazama kidogo, akaketi. Sijui kama aliamini. Kwenye mabenchi wengine waliinamisha vichwa, wengine walinong'ona, na vijana wawili nyuma walicheka. Halafu mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisogea, akajaza nafasi ya kushoto kwa Inamahoro. Ya kulia ilibaki wazi hadi mwisho.

Nje, mvua ilikuwa imepungua. Ngendakumana alimjia, kofia mkononi, mtoto wa mwisho akamtangulia na kumshika mama yake sketi. Mume akamwomba arudi nyumbani. Inamahoro alimbeba mtoto kwanza, akamweka sawa kiunoni.

"Nitakuambia," akamjibu. "Nipatie siku za kuwaza."

Kisha akatoa pakiti ndani ya kitenge. Alitoa kidonge cha kwanza, akameza bila maji, watu wakipita, akanigeukia. Niliona alivyonitazama, nikajua anachotaka kuuliza, nikatamani gari lije.

"Mama, hii tezi ya kwapani. Kama ningeanza kinini mwezi wa pili, ingefika hapa?"

"Sijui."

"Kiliba ulisema yote. Sema na hii."

"Sijui kwa kweli, Mama. Pengine ingefika tu. Pengine isingefika."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea jibu la bei sokoni. Mimi nilianza kulia tena, palepale mbele ya kanisa.

"Nyamaza," akasema, bila ukali. "Hiyo ni ya kwako, utaibeba weye. Usiniletee tena machozi yake. Weye uniletee kinini."